KARATA USIYOWEZA KUISHIKA MKONONI

Ndugu msomaji, ukipita mitaa ya Korogwe jioni, jua likishapungua ukali, hutakosa kukuta kijiwe cha karata. Watu wanne wameketi kuzunguka benchi, wawili dhidi ya wawili, na nyuma yao wamesimama wengine watano au sita wanaofundisha bila kuombwa. Karata zenyewe zimechakaa pembe. Moja imekunjika kiasi kwamba kila mchezaji huitambua kwa mgongo wake. Mara mmoja anaitupa turufu kwa kishindo, benchi linatikisika, na kicheko kinasikika hadi ng'ambo ya barabara.

Sasa panda gari uende Handeni. Huko nako, barazani mwa nyumba, kijana ameketi peke yake, kichwa ameinamisha, kidole kinateleza juu ya kioo cha simu. Hasemi wala hacheki. Mama yake anayechambua mchicha kando anadhani mwanawe anazungumza na rafiki. Kumbe naye anacheza karata. Anacheza na mtu asiyemjua jina wala sura, ambaye huenda yuko Brazil au Japani, na karata zao hazijapata kuchapishwa popote duniani.

Makala hii inahusu karata hizo. Imeandikwa kwa ajili ya mzazi anayeulizwa na mwanawe, "Baba, naomba pesa kidogo ninunue pakiti," naye asijue pakiti hiyo ina nini ndani.

ASILI YA MCHEZO

Karata si ngeni kwetu. Majina tunayoyatumia, yaani shupaza, kopa, uru na pau, tuliyapata kwa Wareno waliofika pwani yetu tangu mwaka 1498, na neno turufu lilikuja kwa njia hiyo hiyo. Vizazi vingi vimecheza arubastini na lastikadi kwa karata zile zile. Tajiri na maskini hutumia fungu moja, na anayeshinda hushinda kwa akili yake na kwa bahati ya mgao.

Mwaka 1993, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Richard Garfield, alileta wazo jingine. Katika mchezo wake uitwao Magic: The Gathering, uliotolewa na kampuni ya Wizards of the Coast, kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe. Huchagua karata zisizopungua 60 kutoka katika hazina yake, na karata za jina moja haziruhusiwi kuzidi nne, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Karata moja ni askari, nyingine ni joka, nyingine ni radi. Kila mchezaji huanza na uhai 20, na anayemalizwa uhai wake ameshindwa.

Karata hizo huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui atakachokikuta ndani. Zilizo adimu hutafutwa sana. Watoto na watu wazima hubadilishana, huuziana na huazimana. Mchezo huo ulienea katika nchi nyingi, na mwaka 1994 yalifanyika mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia.

KARATA INAYOBADILIKA USIKU

Miaka ilipopita, mchezo uliingia katika kompyuta. Programu yake iitwayo MTG Arena ilitolewa rasmi mwaka 2019, na mwaka 2021 ikaingia katika simu za mkononi. Kwanza ilikuwa nakala tu ya karata za karatasi. Kisha, mwezi Desemba 2021, kampuni ilianzisha mtindo wa mashindano unaochezwa katika kompyuta na simu peke yake. Iliupa jina la Alchemy, kutokana na elimu ya kale ya watu waliotaka kugeuza madini ya risasi yawe dhahabu.

Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Katika mtindo huo, karata zenyewe hugeuzwa.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Karata iliyochapishwa haifutiki. Ikionekana kuwa ina nguvu kupita kiasi na inaharibu mashindano, wakuu wa mchezo wanaweza kuipiga marufuku tu, lakini maandishi yake yatabaki vile vile kabatini mwako. Karata ya simu siyo hivyo. Mwenye mchezo anaweza kuyaandika upya maneno yake akiwa ofisini kwake, na asubuhi ukaikuta imegeuka.

Mfano ni karata iitwayo Luminarch Aspirant. Ya karatasi humwongezea askari nguvu kabla ya pambano la zamu yako, naye akaingia vitani akiwa tayari ameimarika. Mtindo mpya ulipoanza, karata hiyo iliandikwa upya kwa ajili ya simu: nguvu ikawa inaongezeka mwishoni mwa zamu, pambano likiwa limekwisha. Kwa asiyecheza, hilo ni jambo dogo. Kwa aliyeijenga mbinu yake yote juu ya karata hiyo, ni sawa na fundi aliyeamka akakuta nyundo yake imepungua uzito.

Zipo pia karata ambazo karatasi isingeziweza. Moja huzaa karata nyingine ambayo haikuwamo katika fungu lako. Nyingine huitafuta yenyewe karata ya aina fulani ndani ya fungu na kukukabidhi, bila wewe kuchanganya wala kuchagua. Nyingine huongezewa nguvu, na nguvu hiyo hubaki nayo hata ikirudi mkononi. Kazi ya kuhesabu na kukumbuka yote hayo huifanya kompyuta.

MBUZI KWENYE GUNIA

Tufike sasa kwenye mfuko wa mzazi. Mchezo wenyewe hupatikana bure, na hilo ni kweli. Kijana akitimiza kazi ndogo anazopangiwa kila siku hupata sarafu za humo ndani, na kwa sarafu 1,000 hupata pakiti moja. Asiye na subira hununua vito kwa fedha halali, na vito 200 humpa pakiti ile ile. Zingatia hesabu hiyo. Fedha yako hugeuzwa kuwa vito, na vito hugeuzwa kuwa pakiti. Mtoto akifika mwisho wa safari hiyo ameshasahau kwamba alianza na shilingi.

Ndani ya pakiti mna karata nane, na moja tu ndiyo adimu. Ipi? Hajui mpaka afungue. Wazee wetu walishatuonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Hapa mbuzi huuzwa hivyo kwa makusudi, na gunia ndilo linalopendeza.

Nchi nyingine zimelitazama jambo la namna hiyo kwa jicho la sheria. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba visanduku vya bahati vilivyouzwa katika baadhi ya michezo ya kompyuta vinavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 pamoja na bodi yake, na kijana aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Lakini mlinzi wa kwanza wa mtoto anayecheza barazani ni yule aliye naye nyumbani.

NI MALI AU NI RUHUSA?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Kijana aliyenunua karata ya karatasi anayo mali. Anaweza kumwazima mdogo wake, kumuuzia jirani, au kuitunza sandukuni hadi awe mzee. Karata ya MTG Arena haiuzwi, haiazimwi wala haibadilishwi baina ya mchezaji na mchezaji. Alichonunua kijana ni ruhusa ya kuitumia, kwa masharti ya mwenye mchezo, na kwa muda wote mwenye mchezo atakaopenda.

Mtindo wa Alchemy ulipoanza, wachezaji wengi walilalamika kuhusu jambo hilo hilo. Karata ilipopigwa marufuku katika mashindano, walizoea kupewa fidia ya kuwawezesha kuchukua karata nyingine. Karata ilipodhoofishwa kwa kuandikwa upya, hawakupewa fidia hiyo, kwa hoja kwamba bado inachezeka.

Yapo makubwa kuliko hayo. Mchezo wa Hearthstone, ulioanza mwaka 2014, haujapata kuwa na karata ya karatasi tangu kuzaliwa kwake. Mwezi Januari 2023, mkataba baina ya kampuni yake ya Marekani, Blizzard, na mshirika wake wa China ulipomalizika, mchezo ulizimwa katika nchi hiyo. Wachezaji waliokusanya karata kwa miaka mingi waliamka wakakuta mlango umefungwa. Ulifunguliwa tena mwezi Septemba 2024, baada ya kampuni hizo kupatana. Katika muda huo wote, mchezaji hakuwa na la kufanya ila kungoja mapatano ya watu wasiomjua.

TUSIUHUKUMU KWA PUPA

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kuusema mchezo huo kwa ubaya tu. Kijana wa Handeni asiye na duka la karata hizo jirani, wala mwenzake wa kucheza naye, leo anaweza kupambana na mwerevu wa bara jingine. Hulazimika kusoma maandishi marefu, kupiga hesabu, kukadiria nia ya mpinzani, na kukubali kushindwa. Hata kule kubadilishwa kwa karata kuna faida yake: mbinu moja ikitawala mashindano hadi yakachosha, hurekebishwa upesi, na mwenye fikra mpya hupata nafasi. Bao letu lenye mashimo 32 na kete 64 halihitaji marekebisho hayo kwa sababu wachezaji wote huanza na kete sawa. Mchezo ambao kila mtu huja na silaha zake una shida zake, na tiba yake ni nyingine.

Basi, mzazi mwenzangu, usimnyang'anye mwanao simu kwa hasira. Keti kando yake umwombe akufundishe. Muulize maswali matatu: pakiti hii ni shilingi ngapi, na siyo vito vingapi? Ukichoka na mchezo huu, karata zako utampa nani? Mwenye mchezo akiufunga kesho, utabaki na nini? Akiyajibu bila kigugumizi, anajua anachokifanya. Akisita, mmepata la kuzungumza.

Namba ya siri ya pesa zako za simu iwe yako peke yako, na kadi ya benki usiiache ikiwa imeunganishwa na simu ya mtoto. Kama umeamua kumpa fedha ya mchezo, ipangie kiasi kwa mwezi, naye aiandike katika daftari kwa mkono wake, pamoja na bando alilotumia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali isiyoshikika hupotea upesi zaidi.

Jioni nyingine, mchukue mkapite pale kijiweni. Mwache aone jinsi mzee anavyousoma uso wa mpinzani wake kabla ya kutupa turufu. Karata zile zimechakaa, lakini hakuna awezaye kuzibadilisha usiku watu wakiwa wamelala. Mchezo ukiisha, mwenyewe hulikusanya fungu lake, akalitia mfukoni, akaenda nalo nyumbani.