Kabla hujawapandisha watoto mashuani

Likizo ya Desemba ikianza, familia nyingi za bara hushuka pwani, na watoto hawakawii kuomba safari ya tanga. Iwe Forodhani Unguja, Nungwi au bandarini Lamu, hutembei sana kabla kijana hajakuuliza kama mnakwenda kisiwani. Bei mtaijadili dakika kumi. Usalama, mara nyingi, hautajwi kabisa.

Na bei yenyewe ina uzito wake. Ukimbana nahodha kupita kiasi, huenda atakachopunguza ni baharia wake. Mashua yenye abiria inataka watu wawili: mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye demani, ile kamba inayokaza na kulegeza tanga. Upepo ukija kwa ghafla, huyo wa pili ndiye anayeilegeza demani ili tanga limwage upepo kabla chombo hakijalala ubavu. Nahodha aliye peke yake, simu sikioni na demani imefungwa fundo gumu, si wa kumkabidhi watoto. Mwambie bila haya, hata kama mmeshakubaliana.

Kisha omba jaketi okozi uyaone, moja kwa kila kichwa, na uyaone kabla ya kulipa. Mvalishe mtoto mkiwa nchi kavu, funga vifungo vyote, halafu lishike jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamtoka. Mdogo sana anahitaji lenye kola inayoinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Yale maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea bwawani, tena ukiwa karibu. Na wewe mzazi vaa lako; mtoto anayekuona umelikalia atalivua lake.

Muulize nahodha kuhusu upepo na maji. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi hushika katikati ya mwaka, na Juni na Julai bahari huchafuka kweli. Meli ya Skagit, iliyokuwa na injini, ilizama karibu na Chumbe Julai 2012 katika upepo mkali. Sembuse mashua ya tanga. Maji nayo yana ratiba yake. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hufika kama mita nne. Kule Lamu, anayetaka kuwaonyesha wanawe magofu ya Takwa kisiwani Manda hupita kwenye mkondo wa mikoko ambao chombo huingia maji yakijaa tu. Mkichelewa kutoka, mtakaa topeni na watoto wenye kiu hadi maji yarudi. Kwa hiyo swali si “tunaondoka saa ngapi?” tu, bali pia “maji yanajaa saa ngapi?”

Mkishapanda, watoto wakae chini, katikati au upande wa joshi kama nahodha atakavyoelekeza, mikono ndani. Nahodha akigeuza chombo, foromali na tanga huhamishwa upande wa pili wa mlingoti, na kamba nzito hupita kwa kasi. Vichwa viinamishwe mpaka aseme tayari. Ile picha ya kusimama omo na kutandaza mikono ipigeni mkiwa mmetia nanga. Maji kidogo kwenye ngama ni kawaida kwa chombo cha mbao, ila ndoo ya kuyafulia iwepo.

Mtu akianguka, chombo cha tanga hakina breki. Ni lazima kizunguke, na katika mzunguko huo kichwa kidogo hupotea kati ya mawimbi. Mpeni mmoja wenu kazi moja tu: amnyooshee kidole aliyeanguka, asiyaondoe macho. Wengine watupe chochote kinachoelea, galoni tupu, jaketi la akiba. Najua mzazi anavyotaka kuruka, lakini akiruka wa kuokolewa wanakuwa wawili. Chombo kikipinduka, kishikilieni nyote. Mbao huelea, na pwani inayoonekana jirani huwa mbali kuliko macho yanavyodhani.

Mwachie mtu wa nchi kavu jina la chombo, mnakokwenda na saa ya kurudi. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji. Pangeni kurudi kufikia saa kumi jioni, ili mkichelewa bado mwanga uwepo.

Na ukiiona bahari imejaa povu jeupe, au nahodha mwenyewe akisema leo hapana, usimsihi wala usimwongezee pesa. Watoto watalia. Wapeleke wakale urojo, kesho asubuhi mkaitazame bahari tena.