Kamba Inayokurudishia Mwanga Wako

Katika kambi ya Makalia, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, giza halibishi hodi. Tuko karibu mno na ikweta: jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na muda si muda huoni hata kiganja chako. Hapo ndipo kamba za hema huanza kutega watu. Umetoka kuchota maji, mguu unanasa, kigingi kinang'oka, hema linalegea upande mmoja na wewe uko chini, goti limechubuka. Kilichokuangusha ni uzi wa milimita tatu, rangi ya nyasi kavu.

Siku hizi kuna kamba za hema zilizofumwa pamoja na nyuzi za riflekta. Mchana utaziona ni kamba tu, zenye vistari vya kijivu. Usiku, ukizimulika, zinawaka nyeupe kama waya uliotiwa moto. Je, wajua kwamba hazitoi mwanga wowote? Hazina betri, wala hazikunywa jua la mchana. Mwanga unaouona ni wako mwenyewe, umerudi.

Chukua kamba ya katani, ile ya mkonge wa Mogotio, uimulike. Inautawanya mwanga huku na huko, na kinachofika jichoni ni kidogo. Kioo cha kujitazamia nacho, ukikimulika kwa mshazari, huutupa mwanga upande wa pili, usikuhusu tena. Riflekta hufanya jambo la tatu. Juu ya vistari vile vya kijivu zimepangwa shanga za kioo, kila moja ndogo kuliko chembe ya sukari, na mgongo wake umepakwa alumini. Mwanga ukiingia, ushanga unaupinda na kuukusanya mgongoni, alumini inaurudisha, ukitoka unapindwa tena na kushika njia ileile uliyojia. Hata ukitokea pembeni, ni vivyo hivyo.

Jaribu mwenyewe. Funga kamba kwenye mti, simama mita tano kutoka hapo, tochi uishike usawa wa kiuno. Kisha ipandishe polepole mpaka shavuni. Utaiona kamba ikitoka kwenye ufifi na kuanza kuwaka, ingawa tochi ni ileile. Mwanga unaorudi hauenei. Umebanana ndani ya digrii chache tu kuizunguka njia yake. Kwa umbali huo, tochi ya kiunoni iko karibu digrii saba kutoka jichoni, lakini ya kipajini iko kama digrii moja. Kwa hiyo nashauri kwa moyo wote: anayenunua kamba hizi anunue na tochi ya kichwani, na kila mtoto awe na yake. Mwenzako akimulika kutoka upande wa pili wa hema, ni yeye atakayeiona kamba. Wewe utajikwaa.

Barabarani siri hii tunaijua zamani, hata kama hatukuipa jina. Percy Shaw, Mwingereza wa Halifax, alisajili mwaka 1934 hataza ya vioo vya barabarani vinavyorudisha mwanga wa taa za gari, akaviita macho ya paka. Kwenye barabara kuu pale Salgaa na Sachangwan, ukanda uliobandikwa nyuma ya lori na koti la mwendesha bodaboda hufanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana tawi la mti lililotupwa lamini kuonya kwamba gari limeharibika halitoshi usiku: majani hayamrudishii dereva mwanga wake.

Kamba hii ina udhaifu. Tope likiganda juu ya shanga, imekwisha. Isuuze kwa maji bila kuisugua kwa brashi. Na mvua ya masika inaidhoofisha pale shanga zikiwa wazi, kwa sababu utando wa maji hubadilisha jinsi ushanga unavyoupinda mwanga, usikusanyike tena mgongoni. Ikikauka, nguvu hurudi.

Tena nyati hana tochi. Kamba hii inakulinda wewe dhidi ya kambi yako mwenyewe. Mnyama anayepita gizani haimwonyeshi chochote.

Ila yeye anakuonyesha macho yake. Nyuma ya retina ya kuro, swala, chui na simba kuna utando unaorudisha mwanga, ili chembe za jicho zipate nafasi ya pili ya kuunasa. Baadhi ya mwanga huo huponyoka na kurudi kwenye tochi yako, sawa na wa kamba. Komba wa mtini anao. Nyani hana, nasi hatuna.

Basi kabla jua halijazama, zunguka hema lako uhesabu kamba: tuseme ni sita, na kila moja inaishia kwenye kigingi. Usiku, kabla ya kutoka, fungua zipu kidogo na umulike pande zote bila haraka. Mistari sita iliyonyooka, isiyotikisika, hiyo ni yako. Ukiona nukta mbili sambamba zinazozimika na kuwaka tena, funga zipu usubiri.