Chelezo Ipo, Lakini Itafunguka?

Usiku wa Januari 31, 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao, alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata: ile kuu, na ya akiba iliyogoma kunakili. Akaamua kufuta data ya seva ya akiba aanze upya. Kumbe amri ameiandika kwenye seva kuu. Alipogutuka na kuisimamisha, katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Kufuta kimakosa hutokea popote. Kinachonishangaza mimi ni kilichofuata. Chelezo, yaani nakala ya akiba ya data, ilipaswa kutolewa kila siku na kupelekwa kwenye hifadhi ya Amazon. Kufungua huko, patupu. Programu ya kutoa chelezo ilikuwa toleo la 9.2, na hifadhidata yenyewe, PostgreSQL, ilikuwa 9.6. Programu hiyo haikubali kusoma hifadhidata iliyo mpya kuliko yenyewe, kwa hiyo kila ilipoitwa ilikataa. Tena haikukaa kimya! Barua pepe za kutoa taarifa zilitumwa, ila hazikuwa na uthibitisho wa mtumaji, nazo zikakataliwa njiani.

Kilichowaokoa ni bahati tu. Takriban saa sita kabla, data ilikuwa imenakiliwa kwa mkono kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Kuirudisha kulichukua saa 18 hivi, maana diski ilimokuwa zilikwenda polepole. Yaliyoingia katika saa zile sita yalipotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya zipatazo 700. Misimbo yenyewe ilisalimika kwa kuwa haikai kwenye hifadhidata.

Wengi hujidanganya kwamba chelezo ikiwapo, kila kitu kitarudi. Seva ni sehemu nyingi, na kila sehemu ina masharti yake ya kurejeshwa. Chelezo ya programu ya GitLab unayoisakinisha mwenyewe, kwa mfano, hurejeshwa kwenye toleo lile lile ilikotolewa, basi. Ukisakinisha jipya zaidi, itakukatalia. Faili la funguo za siri nalo haliwekwi ndani ya chelezo, makusudi, ili atakayeiiba asipate data pamoja na funguo zake. Lisipohifadhiwa mahali pengine, hifadhidata itarudi nzima, lakini watumiaji wanaoingia kwa uthibitisho wa hatua mbili watabaki nje.