Alama Nyeupe Kwenye Skrini Si Dalili ya Faili Kupotea

Mwezi uliopita niliwasha kompyuta chumbani kwangu nikakuta alama zote za mafaili ya ukoo zimegeuka vikaratasi vyeupe. Kabla ya hapo palikuwa na picha ndogo ya mti kwa shajara yetu, ya jahazi kwa picha za Unguja, na ya bahasha kwa barua za marehemu baba. Nilibofya moja, kompyuta ikazubaa. Mama watoto akasema, "Basi tena, zimepotea." Nami nilikaribia kuamini.

Hazikupotea. Mafaili yetu hayamo katika kompyuta yangu. Yamo katika diski iliyochomekwa kwenye ruta, sebuleni. Kilichopo kwenye skrini yangu ni njia za mkato tu. Kwa sisi tuliofanya kazi ya ukarani, njia ya mkato ni kama kadi ya masjala: inakuonyesha faili liko kabati gani, lakini yenyewe si faili. Kadi ikichujuka wino, faili bado limo kabatini.

Kwa nini basi picha zilitoweka? Mjukuu wangu alipozipamba njia zile, picha za alama nazo alizihifadhi kwenye diski ileile ya sebuleni. Windows huweka akiba ya alama ilizokwisha kuzichora, lakini akiba ikiharibika hulazimika kwenda kuzichukua upya. Baina ya chumba changu na sebule kuna kuta tatu za saruji, na Wi-Fi hufika imechoka. Picha isipofika, huchorwa karatasi nyeupe.

Likikupata jambo hili, fuata utaratibu huu:

1. Subiri. Kompyuta ikiwaka huweza kuchora skrini kabla haijashika Wi-Fi. Ngoja dakika mbili, bofya mahali patupu kwenye skrini, kisha bonyeza F5.

2. Pima mtandao. Chukua laptopu ukae karibu na ruta. Folda ikifunguka upesi pale, ugonjwa uko kwenye mtandao, si kwenye faili. Ruta yako ikitoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi kuliko ya 5.

3. Badilisha picha ya alama. Bofya alama mara moja, kisha bonyeza Alt pamoja na Enter. Chini ya dirisha utaona vitufe vitatu. Bonyeza kile cha kubadilisha alama (Change Icon). Ukiambiwa faili la picha halionekani, kubali tu. Andika C:\Windows\System32\shell32.dll, bonyeza Enter, chagua picha uipendayo, uthibitishe. Sasa picha imo ndani ya kompyuta yako, haingoji mtandao. Hii ndiyo iliyoniponya mimi.

4. Zikibaki nyeupe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ie4uinit.exe -show, kisha Enter, ili alama zichorwe upya.

Jambo kubwa ni kutofuta kitu kwa hasira. Kufuta njia ya mkato hakulidhuru faili. Lakini ukiingia ndani ya diski ya mtandao ukafuta faili lenyewe, kwa kawaida haliendi kwenye pipa la taka la kompyuta yako. Limekwenda moja kwa moja.

Na kunakili njia ya mkato si kunakili faili. Mpwa wangu wa Dubai alizibeba alama hizi kwenye flashi, akidhani kachukua picha za harusi ya babu na bibi yake. Alipofika kwake akakuta vijifaili vya kilobaiti moja au mbili, visivyofungua kitu.

Kwa hivyo tulinunua diski ya pili, tukanakili mafaili yenyewe, tukafungua machache kuhakikisha. Diski hiyo haiunganishwi na mtandao wowote. Naiweka kabatini, na watoto wote wanajua ilipo.