Simba Huyu ni wa Nani? Mazimwi katika Masimulizi na katika Maandiko

Katika kijiji kimoja cha bonde la Rukwa, wakati Wilaya ya Songwe ilikuwa bado haijamegwa kutoka Chunya, tuliitwa kumzika mama aliyechukuliwa na mamba alipokwenda kuchota maji. Kilichopatikana cha kuzikwa kilikuwa kidogo. Kabla ya ibada, mzee mmoja wa mtaa alituvuta kando, akasema kwa heshima nyingi, "Baba Mchungaji, mamba huyu si wa hivihivi. Ana mwenyewe. Tunaomba umsihi Bwana atuonyeshe." Tulikuwa bado wageni katika kazi ya uchungaji, wala hatukutaka kuwaudhi wafiwa. Basi tukaomba sala ya kumsihi Mungu afunue yaliyositirika. Tulidhani tumesema neno la jumla, lisilo na madhara. Jioni ile ile tukaarifiwa kwamba mjane mmoja mzee, ambaye jina lake lilikuwa likinong'onwa tangu alfajiri, amefungasha vyombo vyake na kukimbilia kwa binti yake ng'ambo ya mto, kwa hofu ya kuchomewa nyumba. Waliomtisha walikuwa na hoja moja: hata Mchungaji ameomba.

Makala haya yametokana na sala ile. Tunakusudia kuchunguza habari za wanyama wa kutisha wanaosimuliwa kuwa ni zaidi ya wanyama, na jambo ambalo masimulizi hayo humtendea jirani. Hatuandiki ili kuwacheka waaminio hayo. Mtu aliyekwisha kulala katika dungu shambani na kusikia simba akinguruma hawezi kucheka.

Nyanda za Juu Kusini zina kisa mashuhuri kuliko vyote vya namna hii katika Tanzania. Kati ya mwaka 1932 na 1947 simba waliwala watu katika wilaya ya Njombe. George Rushby, ofisa wa wanyamapori aliyewahi kutafuta dhahabu huku kwetu katika machimbo ya Lupa, ndiye aliyepewa kazi ya kuwaua, na kwa makadirio yake watu waliokufa walizidi 1,500. Hesabu hiyo ni ya makadirio, nasi tunaitaja hivyo. Wenyeji walikuwa na maelezo yao: simba hao walikuwa wa jumbe mmoja aliyeondolewa madarakani, naye aliwatuma ili kulipiza kisasi. Jina la jumbe huyo limekwisha kuchapishwa mara nyingi vitabuni. Sisi hatutalirudia, kwa sababu zitakazoonekana mbele. Rushby na askari wake waliwaua simba kwa bunduki, na mauaji yakakoma. Lakini masimulizi ya wengi husema kwamba yalikoma kwa sababu jumbe alirudishiwa cheo chake.

Msomaji asipite upesi hapo. Watu wa Njombe hawakuwa wajinga wa habari za simba. Waliwafahamu kuliko Mzungu yeyote. Walichouliza si kwamba simba ni nini, bali kwa nini simba hawa, kwa nini sasa, na kwa nini mwanangu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi na wataalamu ni kwamba serikali ya kikoloni iliwaua wanyama wa porini kwa wingi ili kuzuia ugonjwa wa sotoka usienee kuelekea kusini, na simba, walipokosa mawindo yao, wakawageukia watu. Maelezo hayo yana nguvu, nasi twayakubali. Ila tuangalie kwamba nayo pia yanamtaja mwenye kusababisha. Tofauti ni kwamba yeye alikaa ofisini, mbali na kijiji, wala hakuna aliyeweza kumfikia usiku kwa kiberiti.

Miaka hiyo hiyo, yaani 1946 hadi 1948, kisa cha pili kilitokea Singida, nacho ni kinyume cha kile cha kwanza. Watu walikutwa wamekufa, miili yao ikiwa na alama kama za makucha, na ilisemekana ni simba. Uchunguzi ulionyesha kwamba wauaji walikuwa watu waliojifunika ngozi za simba, na baadhi yao walihukumiwa kunyongwa. Kwa hiyo katika nchi moja, wakati mmoja, kulikuwa na simba walioitwa watu, na watu walioitwa simba. Kule Njombe neno "simba-mtu" liliwatia hatarini watu wasiokuwa na hatia. Kule Singida lilikuwa maficho ya wenye hatia. Neno hilo lilidanganya pande zote mbili.

Lugha yetu ya Kiswahili ina majina mengi ya viumbe wa namna hii: zimwi, dubwana, joka, jitu, nunda. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapisha mwaka 1870, nunda mla watu alianza akiwa paka wa nyumbani. Alikula ndama, Sultani akasema paka ni wangu na ndama ni wangu. Akaendelea na mbuzi na ng'ombe, na Sultani akatoa jibu lile lile, mpaka wanawe mwenyewe walipoliwa. Wasimulizi wa kale walijua kwamba dubwana linaweza kufugwa na mwenye enzi anayekataa kuambiwa. Hawakumtafuta katika kibanda cha mjane.

Wala Wakristo wa Ulaya wasihesabiwe kuwa walikuwa na akili zaidi. Mwaka 1589, huko Bedburg karibu na Köln, mtu mmoja aitwaye Peter Stumpp aliuawa kwa mateso makali baada ya kukiri, chini ya mateso vilevile, kwamba aligeuka mbwa mwitu kwa mshipi aliopewa na shetani. Binti yake aliuawa pamoja naye. Katika jimbo la Gévaudan, kusini mwa Ufaransa, mnyama aliua watu wapatao 100 kati ya mwaka 1764 na 1767, na Askofu wa Mende akawaandikia waumini kwamba mnyama huyo ni fimbo ya Mungu kwa dhambi zao. Askofu yule hakumtaja jirani yeyote, na katika hilo alitupita sisi siku ile ya mazishi. Lakini aliwaambia wazazi waliofiwa kwamba watoto wao wameliwa kwa sababu ya makosa yao wazazi. Kama hiyo ni faraja, basi ni kavu mno.

Na tusimfiche baba yetu Luther. Katika Mazungumzo ya Mezani imeandikwa kwamba huko Dessau alimwona mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye watu walisema si mwana wa binadamu, bali kiumbe aliyewekwa na shetani mahali pa mtoto halisi. Luther aliwashauri wakuu wa nchi wamtupe mtoni. Wakuu hao walikataa. Twafundisha haya darasani, na kila mwaka wanafunzi hunyamaza kwa muda. Mtu aliyetufundisha katika Katekisimo Ndogo kwamba amri ya nane inatutaka tumtetee jirani, tumsifu, na kuyaelekeza mambo yake yote upande wa wema, alimwona mtoto mgonjwa na kumwita dubwana. Neema siku ile ilikuwa kwa watawala wasiomsikiliza mwanatheolojia wao.

Tugeukie sasa Maandiko. Israeli iliishi katikati ya mataifa yenye hadithi za majoka. Maandishi ya Ugariti, yaliyochimbuliwa Ras Shamra katika Siria kuanzia mwaka 1929, yanasimulia joka la vichwa saba lililopigwa katika vita vya miungu, na jina lake ni ndugu wa Lewiathani wetu. Mtunga Zaburi ya 74 aliifahamu habari hiyo, maana naye anataja vichwa, kwa wingi. Lakini Mwanzo 1:21 inafanya jambo la ajabu. Neno la Kiebrania lililoko pale ni tanninim, majoka ya baharini, ingawa wafasiri wa Union Version ya mwaka 1952 waliandika nyangumi. Na kitenzi ni bara, kile kile cha kuumba mbingu na nchi, na cha kumwumba mwanadamu. Joka si mpinzani wa Mungu tangu milele, wala si chombo cha mchawi. Ni kiumbe, na Zaburi ya 104 inasema ameumbwa acheze baharini.

Ayubu anatupeleka mbali zaidi. Rafiki zake watatu walishughulika kwa sura nyingi na swali moja: msiba huu una mwenyewe, naye ni nani? Walihitimisha kwamba ni Ayubu. Mungu aliponena katika dhoruba hakumtaja mkosaji hata mmoja. Alimwonyesha Ayubu viumbe wawili wa kutisha, Behemothi na Lewiathani. Wafasiri wetu hapo waliandika kiboko na mamba, na watu wa Rukwa wanaposomewa sura ya 40 na 41 hawahitaji maelezo. Kiboko huyo ameumbwa pamoja na Ayubu. Mamba huyo hakuna awezaye kumtia ndoana. Kisha katika 41:11 Bwana anasema vyote vilivyo chini ya mbingu ni vyake. Mzee wetu alisema kweli, basi: mamba ana mwenyewe. Ila mwenyewe si yule mjane. Wala Ayubu haruhusu tuteleze kwenye kosa la Askofu wa Mende na kusema kwamba Mwenyewe ndiye aliyemtuma kuadhibu, kwa maana katika 42:7 hasira ya Bwana inawaka juu ya wale waliohesabu msiba kuwa adhabu.

Yako mahali ambapo Biblia humwita mtu au watu kwa jina la dubwana. Isaya 30:7 yaiita Misri Rahabu. Ezekieli 29 inamwita Farao joka kubwa. Danieli 7 na Ufunuo 13 zinaonyesha falme kama wanyama. Hao wote ni wenye majeshi na viti vya enzi. Hatujaona mahali ambapo jina hilo hupewa maskini wa kijijini.

Wanafunzi hutujibu kwa Kutoka 22:18, na wana haki ya kuuliza. Twajibu kwanza kwamba Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 19, yataka mashahidi wawili au watatu na kumwadhibu shahidi wa uongo kwa adhabu ile aliyokusudia kumletea ndugu yake. Nani amemwona mjane akimtuma mamba? Pili, Luther alifundisha mwaka 1525 kwamba sheria za Musa za kutawala nchi zilipewa Israeli, wala hazitubani sisi, ingawa yeye mwenyewe hakuifuata kanuni hiyo daima alipohubiri juu ya wachawi. Na sheria ya nchi yetu, Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928, hufanya kumtuhumu mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Mzee wa kanisa anayetaja jina matangani anaweza kushitakiwa.

Je, mchungaji aseme nini msibani? Sisi sasa hatuombi tena yafunuliwe yaliyositirika. Twamtaja marehemu kwa jina, twamtaja mnyama kwa jina lake, mamba au simba, na twaomba kwa sauti ulinzi kwa wajane na wazee wote wa kijiji, ili anayesikilizia nje ya ua asikie. Twabaki kulala hapo usiku wa kwanza kama tunaweza. Kisha twauliza maswali ya mahali. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba simba waliua zaidi ya watu 563 nchini tangu mwaka 1990, wengi wakati wa mavuno, mahali penye nguruwe pori wengi wanaowavuta simba mashambani. Mkulima hulala dunguni kuwalinda nguruwe, na simba huwafuata nguruwe. Maswali hayo yana majibu ambayo usharika unaweza kuyafanyia kazi kwa mikono.

Yule mjane tulimfuata baada ya mwezi mmoja, tukamwomba msamaha. Alitusikiliza, akatupa uji, wala hakurudi kijijini hadi alipofariki. Nyumba yake ilikuwa imebomolewa, na miti yake ya paa ikawa kuni. Usharika ulichangia kisima cha pampu ili akina mama wasishuke mtoni. Kilichimbwa, lakini maji yake yana chumvi, na kiangazi kikikaza baadhi yao bado huchukua ndoo na kwenda pale pale.