Uniti 75 kwa Mwezi: Namna Vifaa Vyenye Ufanisi Vinavyopunguza Gharama za Umeme Nyumbani

Kaya mbili zinazoishi mtaa mmoja, zenye idadi sawa ya watu na vifaa vya aina moja, zinaweza kulipa gharama tofauti kabisa za umeme kila mwezi. Mara nyingi tofauti hiyo hutokana na aina ya balbu, umri wa jokofu na namna maji ya kuoga yanavyopashwa moto. Kwa mteja mdogo wa majumbani, mambo hayo ndiyo yanayoamua iwapo atabaki katika kundi la bei nafuu au atalipa bei ya matumizi ya kawaida, ambayo inakaribia mara tatu.

Bei za umeme Tanzania Bara hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Kwa mujibu wa agizo la bei lililoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa kundi la D1, yaani mtumiaji mdogo wa majumbani, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350. Mteja wa kundi la T1, ambalo ni la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa kila uniti tangu uniti ya kwanza. Juu ya bei hizo huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1.

Kwa mpangilio huo, kaya ya kundi la D1 inayotumia uniti 75 hulipa shilingi 7,500 kabla ya kodi na tozo. Ikitumia uniti 85, hulipa shilingi 11,000. Uniti 10 za ziada zimeongeza gharama kwa karibu nusu. Endapo matumizi yake yatazidi kiwango hicho mara kwa mara na ikahamishiwa kundi la T1, uniti hizo hizo 85 zitagharimu shilingi 24,820.

Uniti moja ni nini

Uniti moja ya umeme ni kilowati moja inayotumika kwa saa moja. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja hutumia uniti 1. Kifaa cha wati 100 hutumia kiasi hicho kwa saa 10. Ili kujua matumizi ya kifaa chochote, mwananchi anatakiwa kusoma idadi ya wati iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, aizidishe kwa saa kinazotumika kwa siku, kisha agawanye kwa 1,000. Jibu atakalopata ni uniti za siku moja.

Hesabu hiyo huonesha kuwa si kila kifaa kinachowaka muda mrefu ni mlaji mkubwa wa umeme. Feni ya wati 75 inayozunguka usiku kucha kwa saa 8 hutumia uniti 0.6. Hita ya kuoga ya wati 4,500 hutumia uniti 0.75 kwa dakika 10 tu. Kaya ya watu wanne, kila mmoja akitumia hita hiyo kwa dakika 10 kwa siku, hutumia uniti 3 kwa siku na uniti 90 kwa mwezi. Hita peke yake imekwishavuka kiwango cha uniti 75 kabla taa haijawashwa.

Balbu: badiliko la gharama ndogo

Balbu ya zamani ya wati 60, yenye uzi unaowaka, hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kama joto. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana nao. Nyumba yenye balbu sita za zamani zinazowaka saa 5 kila usiku hutumia uniti 54 kwa mwezi kwa taa pekee. Zikiwekwa za LED, matumizi hushuka hadi uniti 8.1.

Ichukuliwe mfano wa kaya ya kundi la D1 yenye taa hizo sita, televisheni ya wati 80 inayowashwa saa 6 kwa siku, na jokofu linalotumia uniti 24 kwa mwezi. Kwa balbu za zamani, jumla ni uniti 92.4 na malipo ni shilingi 13,590 kabla ya kodi na tozo. Kwa balbu za LED, jumla ni uniti 46.5 na malipo ni shilingi 4,650. Kaya hiyo ikiendelea na balbu za zamani hadi ikahamishiwa kundi la T1, malipo yatakaribia shilingi 27,000. Jokofu na televisheni havikubadilishwa. Kilichobadilika ni balbu sita.

Jokofu: bei ya dukani na bei ya miaka

Jokofu halizimwi, kwa hiyo ufanisi wake huonekana kila siku ya mwaka. Wanunuzi wengi huvutiwa na majokofu yaliyotumika kwa sababu bei yake ni ya chini. Hata hivyo, jokofu chakavu lenye kompresa iliyochoka au mpira wa mlango uliolegea hulazimika kufanya kazi muda mrefu zaidi ili kudumisha ubaridi ule ule.

Tuseme jokofu moja linatumia uniti 54 kwa mwezi na jingine linatumia uniti 24, na hili la pili ni ghali kwa shilingi 150,000. Tofauti ya uniti 30 kwa bei ya T1, pamoja na kodi na tozo, ni takriban shilingi 10,690 kwa mwezi. Ndani ya miezi 14 hivi, nyongeza ya bei aliyolipa mnunuzi itakuwa imerudi, na miezi inayofuata ni akiba. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua ni muhimu kusoma kibandiko kinachoonesha matumizi ya umeme kwa mwaka, na kuhakikisha bidhaa imekidhi viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Jokofu lililopo nalo linaweza kupunguziwa mzigo. Liwekwe mbali na jiko na jua, na liachiwe nafasi kati yake na ukuta ili joto la nyuma lipate pa kutokea. Chakula cha moto kiachwe kipoe kwanza. Barafu nene iyeyushwe. Mpira wa mlango unaweza kupimwa kwa kufungia kipande cha karatasi mlangoni. Karatasi ikivutika bila kukaza, mpira huo unahitaji kubadilishwa.

Kupika na kupasha maji

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Umeme ni sehemu ya safari hiyo, lakini kaya nyingi huogopa kupikia umeme kwa kudhani ni ghali kwa kila hali. Ukweli hutegemea jiko.

Jiko la koili la wati 1,500 likichemsha maharage kwa saa 2 mfululizo hutumia uniti 3. Jiko la umeme la presha la wati 1,000 huvuta umeme mwingi hadi presha inapopanda, kisha hujizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi kwa kuwa mvuke na joto vimefungiwa ndani. Kwa chungu hicho hicho cha maharage, mara nyingi halifikishi uniti 1. Vyakula vinavyochukua muda mrefu, kama maharage, makande na nyama ngumu, ndivyo vinavyoonesha faida yake zaidi.

Kwa maji ya kuoga, mitambo ya kupasha maji kwa nguvu ya jua hufaa hasa katika maeneo ya baridi kama Arusha, Njombe na Mbeya, ambako mahitaji ya maji moto ni ya kila siku. Katika maeneo ya joto kama Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, mzigo mkubwa zaidi huwa ni kiyoyozi. Kiyoyozi chenye teknolojia ya inveta hupunguza kasi ya kompresa chumba kinapofikia ubaridi unaotakiwa, badala ya kuzima na kuwaka kwa nguvu zote. Kukiweka kwenye nyuzi joto 24 au zaidi, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, hupunguza matumizi bila kuondoa nafuu.

Wapangaji wanaotumia mita moja

Suala hili lina uzito wa pekee katika nyumba za kupanga ambamo vyumba kadhaa hutumia mita moja ya LUKU. Matumizi ya wote hujumlishwa, na kiwango cha uniti 75 huvukwa hata kama kila mpangaji anatumia umeme kidogo. Hita au jiko la koili la chumba kimoja hupandisha gharama za wote, na kuchanga sawa kwa sawa huzua malalamiko. Kutengeneza orodha ya vifaa vya kila chumba na wati zake huwapa wapangaji na mwenye nyumba msingi wa haki wa kugawana malipo. Pale inapowezekana, kuomba mita tofauti kwa kila kaya huondoa tatizo hilo.

Hatua za kuanzia

Mwananchi anayetaka kupunguza gharama anashauriwa kusoma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU saa ile ile kila siku kwa wiki moja, ili ajue matumizi yake halisi. Usiku mmoja azime vifaa vyote, kisha aangalie kama uniti bado zinapungua. Zikipungua, huenda kuna hitilafu katika mfumo wa nyaya, na kazi ya kuikagua ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Hata king'amuzi cha wati 10 kinachoachwa kwenye umeme saa 24 hutumia uniti 7.2 kwa mwezi.

Baada ya hapo, fedha zilizopo zianze na balbu, kisha vifaa vya kupikia na kupasha maji, na mwisho jokofu au kiyoyozi muda wa kukibadilisha unapofika. Kwa mpangilio huo, akiba inayotokana na badiliko la kwanza husaidia kugharamia linalofuata.