Sabuni Hupima Nyenje, Haiwamalizi

"Niongeze sabuni kiasi gani?" Wenye bustani wa Florida hawachoki kuniuliza hivyo, nami nasema tena: usiongeze hata tone. Sabuni si dawa ya nyenje wachimbaji.

Watu wamechukua kipimo wakakigeuza tiba. Changanya vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na lita nane za maji, kisha mwagia kipande cha nyasi cha sentimita 60 kwa 60. Nyenje walio chini huwashwa, wakaibuka ndani ya dakika tatu. Wakitoka wawili hadi wanne, una tatizo. Kazi ya sabuni imeishia hapo! Lakini mtu akimwona nyenje amelowa, anatapatapa juu ya majani, hujiona ameshinda. Ameshinda nini? Mashimo ya nyenje wakubwa hushuka chini kuliko maji hayo yanakofika. Hata ukiwatoa wote uwanjani kwako, wakubwa wana mabawa; majira ya kuchipua huruka usiku kutoka kwa jirani, wakaja kutaga kwako. Ukiikoleza sabuni, utaunguza nyasi tu.

Nyenje hawa ni wageni kutoka Amerika Kusini, waliofika kusini mashariki mwa Marekani tangu mwaka 1899 hivi, kupitia bandari ya Brunswick, Georgia. Adui zao walibaki kwao. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Florida kiliwafuata adui hao huko huko: minyoo wadogo mno kutoka Uruguay, inzi kutoka Brazil, na nyigu Larra bicolor kutoka Bolivia. Nyigu huyu huingia shimoni, nyenje akakurupuka nje, naye humchoma na kumpoozesha kwa dakika chache, kisha humbandika yai tumboni, karibu na miguu. Nyenje huzinduka, akarudi kuchimba kama kawaida, huku buu akimfyonza taratibu mpaka afe. Ndoo ya sabuni haiwezi kazi hiyo.

Basi fanya hivi. Pima Juni au Julai, watoto wakiwa bado wadogo. Wakifikia kiwango, mwagilia kwanza, halafu tawanya chambo chenye sumu jioni. Usimwagilie tena usiku huo. Panda maua yenye nekta kwa ajili ya nyigu, na usiwapulizie dawa. Hawana ugomvi na watu. Chambo hupunguza nyenje wa mwaka huu. Nyigu huwaandama kila mwaka.